Nusu Niliyompa Mwanangu

Jumatatu, 3 Machi

Shule imefunguliwa na mvua imeanza siku hiyohiyo, kama vile walipatana. Huu ni muhula wangu wa mwisho kabla ya kustaafu. Nimenunua daftari hili ili kila siku niandike walau mstari mmoja, na nimejiahidi nisifiche kitu.

Mkwe wangu alipoteza mimba juzi Jumamosi. Ya tatu hii. Leo nilimpelekea uji, nikamkuta amelala ameelekea ukutani. Mwanangu alikuwa sebuleni, anafungua na kufunga kisanduku chake cha bisibisi. Ni fundi umeme. Akikosa la kusema, mikono yake hutafuta skrubu. Nilikaa kitandani nikamwambia mkwe, "Pole mwanangu, Mungu atatoa mwingine." Hayo yalikuwa ya mdomoni. Moyoni nilisema: huyu naye!

Nimeandika kama nilivyosema.

Alhamisi, 6 Machi

Paa la maabara linavuja juu ya meza ya tatu. Tumehamisha hadubini.

Jumanne, 11 Machi

Mkwe ameinuka. Anafanya kazi kwenye duka la kuchapisha kadi na mabango, na vidole vyake havikosi wino, lakini jana alikuja kwangu na mumewe, ameviosha vyeupe. Nilijua pana jambo.

"Mama," akasema, "daktari anataka tupimwe damu wote wawili. Mimi nimeshatoa. Mwenzangu hataki."

Mwanangu akadakia, "Sasa mimi nina shida gani? Mimba anazishika. Si ndiyo kazi yangu hiyo?"

Nami, mwalimu niliyefundisha biolojia miaka thelathini na nane, nikasema: "Kweli, damu ya mwanamume inatafutiwa nini hapo?"

Mkwe alinitazama kwa muda mrefu. Alichukua mwavuli wake akaondoka na mvua ikinyesha, na mumewe akabaki kula.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimefundisha meiosisi kwa kidato cha nne. Kama kawaida niliingia na mfuko wa soksi, na kama kawaida walicheka kabla sijafungua mdomo.

Nikazipanga mezani jozi kwa jozi. "Katika kila jozi," nikawaambia, "moja umepewa na mama, nyingine na baba. Mwilini mwako una jozi ishirini na tatu, yaani kromosomu arobaini na sita. Sasa, kama kila mzazi angempa mtoto zote arobaini na sita, mtoto angekuwa na tisini na mbili. Mjukuu je?"

"Mia na themanini na nne!"

"Mwalimu," akasema mcheshi wao wa nyuma, "mjukuu huyo angelala kitanda cha futi ngapi?"

Walipotulia nikaendelea. Ndiyo maana seli inayotengeneza yai, au mbegu ya kiume, hugawanyika mara mbili. Kwanza kila kromosomu hujinakili. Kisha zile za jozi moja hutafutana, hulala ubavu kwa ubavu, hubadilishana vipande, halafu huachana, hii huku na hii kule. Mara ya pili nakala nazo huachana. Mwisho wake kila seli ya uzazi ina ishirini na tatu tu, moja kutoka kila jozi. Nusu. Nusu ya mama ikikutana na nusu ya baba, hesabu inarudi palepale.

Msichana wa mbele, yule asiyeandika mpaka aelewe, akanyoosha mkono. "Na zikigawana vibaya, Mwalimu?"

"Mara nyingi mimba haikai."

"Hapo kosa linakuwa la mama?"

"Wewe! Yai ni nusu, mbegu ya baba ni nusu. Kasoro inaweza kutoka upande wowote, na hakuna anayeichagua."

Nilimjibu haraka, bila kufikiri, kama mtu anayetaja jina lake. Kengele ikalia. Nilikuwa nimefika katikati ya uwanja, mfuko wa soksi mkononi, ndipo maneno yangu mwenyewe yakanifikia. Nikasimama. Mwalimu wa hesabu akanipigia kelele kutoka barazani kwamba nalowa.

Jumanne, 18 Machi

Nimeshindwa kusahihisha madaftari. Nimekuwa nikimfikiria mkwe wangu wa kwanza.

Alikuwa mshonaji, na bado ni mshonaji. Alimzidi mwanangu miaka mitano, jambo nililolihesabu tangu siku ya kwanza. Walikaa miaka saba, mimba tano. Ya tano ilifika miezi minne. Siku aliyotoka hospitali nilimfuata jikoni, akiwa ameshika meza kwa mikono miwili, nikamwambia: "Mwanangu ni mzima. Angalia kwenu."

Angalia kwenu. Mama yake alikuwa amekuja kumuuguza. Alikuwa mlangoni na beseni, akasikia.

Nikamwandama mwanangu mwaka mzima: umri unakwenda, wenzako wana watoto shuleni, mimi nitakufa bila kuitwa bibi. Maji ya tone kwa tone. Mwisho alimwacha. Na mimi nilimsaidia yule binti kufunga mizigo, nikajiona nina utu.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua tu.

Jumanne, 25 Machi

Mkwe ni mdogo kwa umbo lakini ana msimamo. Alimwambia mume wake anakwenda kukaa kwa wazazi wake, na siku atakayosikia damu imetolewa, siku hiyo atarudi kupika. Mwanangu alivumilia siku sita. Leo amekwenda kutoa damu.

Mtu anayepanda nguzo za umeme kwenye upepo ameona sindano akaanguka! Muuguzi alimpepea kwa jalada la faili. Mkwe alinisimulia mwenyewe, nasi tukacheka mpaka tukafuta machozi. Tangu aolewe sikumbuki tumecheka pamoja hivyo. Nilipenda kumwambia kitu, sikujua ni kitu gani.

Jumatano, 2 Aprili

Mtihani wa majaribio. Watoto kumi na wawili wameandika kwamba mama hutoa kromosomu nyingi kuliko baba "kwa sababu ndiye anayebeba mimba". Nimewakata alama kwa kalamu nyekundu.

Jumatano, 9 Aprili

Majibu.

Tuliingia watatu. Daktari wa mambo ya urithi aliinuka kwenye kiti, akanishika mikono miwili. "Shikamoo, Mwalimu! Hunikumbuki? Nilikaa meza ya pili. Ulinipa soksi nishike." Nikamkumbuka, alikuwa mwembamba, mwenye maswali mengi. Sasa ana miwani na mvi mbili tatu. Mwanangu akatabasamu, nikaona mabega yake yameshuka. Alifikiri tumeingia kwa mtu wa nyumbani, basi habari itakuwa njema.

Majibu ya mkwe hayakuwa na kasoro. Kisha daktari akaweka mezani picha ya pili: kromosomu za mwanangu zimepangwa mbili mbili, kama vijiti vya wino.

"Kaka," akamwambia, "wewe ni mzima. Hujapungukiwa na kitu. Ila tazama hapa. Namba nne imekatika kipande kidogo, na namba kumi na moja imekatika kipande. Vipande vimebadilishana makazi. Cha huku kipo kule, cha kule kipo huku. Kwa kuwa vyote vimo, mwili wako haujui tofauti."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Alichukua karatasi, na kalamu ya bluu na nyekundu, akachora jinsi ninavyochora mimi ubaoni, hata kishale cha kupinda alikipinda kama changu. "Tatizo linakuja wakati wa kugawa nusu. Mbegu ikibeba hizi mbili za kawaida, mtoto ni salama. Ikibeba hizi mbili zilizobadilishana, zote pamoja, mtoto ni salama kama wewe. Lakini ikibeba moja ya hapa na moja ya pale, kipande kimoja kinazidi na kingine kinakosekana. Mimba ya namna hiyo kwa kawaida haifiki mbali."

Mkwe alikuwa wa kwanza kusema. "Kwa hiyo haikuwa mimi."

"Haikuwa wewe. Wala hakukosea yeye."

Mwanangu alikuwa anatazama vidole vyake. "Na yule wa kwanza?" akauliza polepole. "Zile tano?"

"Siwezi kusema juu ya mtu ambaye sijampima. Lakini kwa picha hii, sina sababu ya kumtilia shaka yeye."

Kisha daktari akanigeukia mimi. "Huenda ilianza kwake, au aliirithi kwa mzazi. Mwalimu, wewe uliwahi kupoteza mimba?"

Mwanangu akanitazama. Mkwe akanitazama.

Nikasema, "Hapana."

Jumamosi, 12 Aprili

Nne. Nilipoteza nne.

Mbili kabla ya mwanangu, mbili baada yake. Ya kwanza nilikuwa mwalimu mgeni wa miaka ishirini na mbili. Ilinitokea chooni, shuleni, saa ya mapumziko. Nilijisafisha nikarudi kufundisha usanisinuru, nimeegemea ubao ili nisianguke. Sikumwambia mume wangu, Mungu amrehemu, kwa sababu dada zake walishaanza kunitazama tumbo. Ya pili nayo hivyohivyo. Halafu akaja mwanangu, mzima, analia kama king'ora, na vinywa vyote vikafungwa. Zile mbili za baadaye nilizizika kimyakimya. Watu waliponiuliza mbona mtoto mmoja tu, nilijibu, "Sisi wasomi tunapanga." Nao wakaniamini. Wengine walinisifu.

Basi nilipomwona mshonaji ameshika meza ya jikoni, nilijua kabisa ameshika nini. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyejua kama mimi. Nilipaswa kumshika mgongo. Badala yake nilinyoosha kidole kwake, maana kidole kikielekea kwake kilikuwa hakielekei kwangu.

Wanasema majuto ni mjukuu. Nimemtafuta mjukuu miaka yote hii, amekuja huyu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekwenda peke yangu, nimetoa damu. Daktari hakuniuliza kwa nini. Alinifunga pamba mwenyewe.

Jumanne, 22 Aprili

Maabara imefungwa. Maji yameingia mpaka kwenye kabati la vioo.

Jumatatu, 28 Aprili

Mwanangu hapigi simu. Mkwe ndiye anayepiga. Anauliza kama nimekula.

Ijumaa, 2 Mei

Ni mimi. Namba nne na namba kumi na moja, zimekatika palepale, zimehama vilevile. Daktari aliweka picha mbili kando kwa kando, yangu na ya mwanangu, na sikuhitaji maelezo.

"Si kosa lako, Mwalimu," akasema. "Ulinifundisha mwenyewe kwamba hakuna anayechagua nusu anayoitoa."

"Kromosomu sikuzichagua," nikamwambia. "Maneno niliyachagua."

Akazirudisha picha kwenye faili, na sikumlaumu. Silabasi haifiki huko.

Jumapili, 4 Mei

Niliwaita nyumbani, nikawaambia yote. Nilianza na picha, kwa sababu picha ni nyepesi. Halafu nikataja zile nne.

Mwanangu alisimama. "Ulijua?"

"Kromosomu sikujua. Mimba nilijua."

"Daktari alikuuliza mbele yangu ukasema hapana."

"Ndiyo."

"Mama, nilimwacha mke wangu kwa neno lako." Sauti yake ilipasuka katikati kama ya kijana anayebalehe. "Nilimpenda yule mtu. Ulikuwa unaniletea neno moja asubuhi, moja jioni, mpaka nikaona ni akili yangu mwenyewe inasema."

Mke wake wa sasa alikuwa amekaa pale pale, mikono magotini. Kusikia mumeo anasema alimpenda mwingine ni mkuki, niliona ukimwingia. Lakini hakulia. Alisema, "Mama alisema, wewe uliamua. Usimtwike yote. Kila mtu abebe lake."

Mwanangu alitoka nje bila viatu. Mkewe alichukua viatu vyake akamfuata.

Kumbe wakati wote huo nilikuwa na mkwe wa namna hii, na siku ile ya uji nilimwambia moyoni "huyu naye".

Alhamisi, 8 Mei

Nimefundisha vidole vitano, kama wanafunzi wanavyosema. Yaani sikufundisha kitu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda kwa mshonaji.

Ana chumba cha kazi kwenye kona, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi: cherehani mbili, meza ya kukatia, sare za shule zimening'inia ukuta mzima. Amenenepa kidogo, kumempendeza. Ana arobaini na moja sasa. Aliponiona alitoa mguu kwenye cherehani.

"Karibu, Mwalimu."

Zamani aliniita Mama.

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, yote yakanipotea. Nikamwambia tu: "Haikuwa wewe. Ilikuwa mwanangu, na kwake ilitoka kwangu. Mimi mwenyewe nilipoteza nne. Na siku ile jikoni nilijua unaumwa nini, nikakusema hivyohivyo."

Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto. Kisha akauliza maswali, moja baada ya jingine, ya mtu mwenye akili: vipande vilihamaje, inawezekanaje mtu awe mzima nayo, nusu inagawanywaje. Nilichukua chaki yake ya kuchorea vitambaa nikamchorea kwenye meza ya kukatia. Alielewa haraka kuliko darasa langu zima. Alipoelewa, akaifuta michoro kwa kiganja, polepole, mpaka meza ikawa safi.

"Miaka sita iliyopita," akasema, "kulikuwa na mtu. Dereva wa gari la wagonjwa. Mtu mpole. Alitaka tuoane. Nikamwambia, usipoteze wakati wako, mimi sizai, kwetu tuko hivyo. Alikuja mara tatu. Mara ya tatu nilijificha humu ndani, nikazima mashine ili asisikie. Sasa ana mapacha. Sare zao za chekechea nimeshona mimi."

Nilipiga magoti. 

"Simama, Mwalimu. Utachafua nguo, na mimi nitaonekana mbaya kwa watu wanaopita."

Nikasimama. Nikamwambia kwamba mwanangu anataka kuja kumwomba radhi; mkewe ndiye aliyeniambia.

"Yeye asije. Mwambie nimesikia, inatosha."

"Na mimi? Niambie nifanye nini."

Alirudisha mguu juu ya pedali. "Mimi utanisamehe nikikwambia sijui kama nitakusamehe. Lakini mama yangu yuko hai. Tangu siku ile ya beseni hajawahi kwenda harusini. Anasema watu watamwuliza ukoo wake una nini. Dada zangu wadogo walichelewa kuolewa kwa neno hilo. Andika. Uandike kwa mkono wako, utie sahihi. Halafu umpelekee na umsomee, maana macho yake hayaoni tena."

Jumatano, 14 Mei

Nimeandika mara sita. Mara tano za kwanza nilijikuta naeleza meiosisi ukurasa mzima kabla ya kufika kwangu. Nimezichana. Ya sita ina sentensi tisa.

Mwanangu amepiga simu jioni. Hakusema mengi. Mkwe na yeye wamekwenda tena kwa daktari. Amewaambia nafasi ipo, na mimba ikishika kuna kipimo. "Tunafikiri kwanza," akasema. Kisha, "Mama, paa la maabara limetengenezwa?" Nikamwambia bado. Akasema sawa, akakata. 

Jumamosi, 17 Mei

Mvua imepumzika. Nimekwenda.

Bibi yule yuko kwenye nyumba ya mtoto wake wa kiume, chumba cha mbele, dirisha wazi. Amekaa kwenye kiti cha plastiki chenye mto, shuka miguuni. Mshonaji alisimama nyuma yake. Nikasema, "Shikamoo, mama." Alijua sauti. Hakuitikia.

"Amekuja kusoma barua," mshonaji akamwambia.

"Asome."

Nikasoma nimesimama, maana hakuna aliyenipa kiti, na ilikuwa haki. Nilisoma kwamba nilisema uongo juu ya binti yake na juu ya ukoo wake. Kwamba kasoro ilikuwa kwangu, imo mwilini mwangu tangu nizaliwe, nikampa mwanangu bila kujua. Kwamba nilizika mimba nne kwa siri, kisha nikamcheka mwenzangu kwa tano. Kwamba mimi ni mwalimu wa jambo hilihili na sina kisingizio. Nikataja jina langu kamili, na tarehe.

Bibi aligeuza uso dirishani. Nikafikiri analia. Kumbe anasikiliza nani yuko uani.

"Mwite mama wa jirani," akasema. "Na mke wa kaka yako, aache kufua."

Walikuja, mikono ina povu. Bibi akanielekezea kidole kama mtu anayewasha redio. "Soma tena."

Nikasoma tena. Mke wa kaka akajifunika mdomo. Akaja mzee wa nyumba ya pili na bakora yake, akaja dada mdogo na mtoto mgongoni. Nikasoma mara ya tatu, halafu ya nne. Mara ya nne mshonaji alitoka nje, nikamwona kupitia dirishani amesimama uani, uso umeelekea juu, mabega yanatikisika. Hakuna aliyemfuata. Nilitaka kunyamaza. Bibi akasema niendelee.

Nilipomaliza sauti yangu ilikuwa imekauka kabisa, karatasi imelowa vidoleni. Nikaanza kuikunja.

"Mpeni maji," bibi akasema. "Asikunje kwanza. Shemeji zangu wako njiani."